Kidonda kisichopona: tukifunge bandeji hadi lini?

Muuguzi, Katuba: Wandugu wa Lubumbashi, naleta hoja na nitaitetea. Kituo cha afya kisiruhusiwe kufunga kidonda kilekile zaidi ya miezi mitatu bila kumtuma mgonjwa akatwe kinyama cha kupima kansa. Tumezoea kusema kansa ya ngozi ni ya Wazungu. Kweli, wao wanaugua zaidi. Lakini kwa mtu mweusi inayoongoza ni ile ya seli bapa, yaani seli za tabaka la juu la ngozi, na mara nyingi haianzii kwenye jua: inaanzia kwenye kovu la moto, kidonda cha mguu cha miaka, mfupa unaotoa usaha. Mpasuaji Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin alieleza vidonda vinavyoota juu ya makovu mwaka 1828; leo vikigeuka kansa vinaitwa kwa jina lake. Mtoto anaungua goti, ngozi inajifunga bila kupandikizwa, kovu linavuta, linapasuka, linapona, linapasuka tena. Miaka 20 au 30 baadaye kingo za kidonda zinavimba, kinanuka, kinatoa damu kikiguswa. Familia inasema amerogwa. Nasi tunabadilisha bandeji!

Baba, Ruashi: Mama muuguzi, nani atalipa? Kupima nyama ni pesa. Ukimlazimisha, mgonjwa atakimbilia kwa mganga wa miti.

Mama, Kamalondo: Mimi nina mtoto mwenye ualbino. Mkisema sana kwamba si jua, shule itamwacha uwanjani bila kofia.

Kijana, mtaa wa Kenya: Huko Kashmir watu hubeba chungu cha makaa ndani ya nguo wakati wa baridi, wakapata kansa ya mapaja na tumbo. Sasa mbabula zetu, majiko ya makaa tunayoota baridi ya Juni na Julai?

Muuguzi, Katuba: Mama wa Kamalondo, una haki kabisa. Kwa ualbino jua ndilo adui wa kwanza: kofia pana, mikono mirefu, na kila kidoa kisichopona kionyeshwe mapema. Kijana, chungu cha Kashmir kinagusana na ngozi kila msimu wa baridi, miaka na miaka. Mbabula tunaiota kwa mbali. Hatari yake kwa ngozi ni mtoto kuiangukia, tukarudi kwenye kovu lile. Ila si moto peke yake. Maji ya visima yenye arseniki, kama Bangladesh, yanaotesha sugu ngumu viganjani na nyayoni, kisha kansa hata mahali nguo inapofunika. Nikiona viganja hivyo nitauliza anakunywa maji gani.

Papa wa Ruashi, sikusema kidonda kiachwe wazi. Bandeji iendelee, barua ya kumtuma iandikwe siku hiyohiyo. Analipia bandeji miezi yote hiyo, kisha anafika hopitali mguu ukiwa wa kukatwa. Kikiwa kidogo kinatolewa, mguu unabaki.

Baba, Ruashi: Hapo nakuelewa. Lakini andikeni kwanza nani analipia kipimo. Bila mstari huo, mimi bado napinga.