Naombeni ushauri: Soko Kuu la Budapest Jumamosi moja, ninunue nini na nile nini?

MtoMsangazi: Wakuu, salaam. Natoka Vienna kwa treni Jumamosi na kurudi jioni. Nataka kuingia soko la ndani la Fővám tér: paprika (unga mwekundu wa pilipili) ya kumpelekea mama Tanga, kitambaa cha kudariziwa, halafu nile. Nguruwe sili. Nianzie wapi, na wageni hupigwa bei wapi?

Njia_Panda: Panda treni ya alfajiri. Jumamosi wanafunga mapema alasiri. Usifike Keleti, kituo cha mwisho; Railjet, treni ya kasi ya kutoka Vienna, ikiingia Budapest husimama kwanza Kelenföld, ambako metro M4 inaanzia. Kituo cha tano ndicho Fővám tér, na ukitokeza juu unaliona jengo la matofali lenye paa la vigae vya rangi, la tangu 1897. Tiketi ya karatasi igonge kwenye mashine kabla ya kushuka ngazi za umeme. Wakaguzi husimama papo hapo, na isiyogongwa kwao si tiketi.

Bi_Kungumanga: Mwanangu, paprika nunua chini kwa wauza viungo. Vile vifuko vya kitambaa vyenye maua viache: vinapitisha hewa na mwanga, unga unapauka na harufu inakwisha. Taka pakiti iliyozibwa, yenye tarehe. *Édes* haiwashi, *csípős* inawasha. Vya kupima huuzwa kwa deka, yaani gramu 10, kwa hiyo *húsz deka* ni gramu 200. Inamtosha mama, maana kwa joto la Tanga kingi kitachakaa kabla hakijaisha. Aweke kwenye kopo lisilopitisha mwanga. Na umwambie hivi: kitunguu kikilainika, ateremshe sufuria, atie paprika, akoroge, amimine maji hapo hapo. Ina sukari nyingi. Kwenye mafuta ya moto inaungua upesi na mchuzi wote unakuwa mchungu.

Njia_Panda: Kuhusu nguruwe, soma vibao: *sertés* na *disznó* ni nguruwe, *marha* ng'ombe, *liba* bata bukini. Neno la kuogopa ni *zsír*, mafuta ya mnyama, mara nyingi ya nguruwe. Hata gulyás (mchuzi wa nyama) ya ng'ombe kwa kawaida kitunguu chake hukaangwa humo. Ghorofani kuna lángos, unga wa hamira uliokaangwa. Uliza kama ni *olaj*, mafuta ya mimea. Agiza *sajtos-tejfölös*, jibini na krimu chachu, basi. Kila kinachoongezwa juu kina bei yake, na hapo ndipo wageni wanapopigwa. Ukilipa kwa kadi, mashine ikikupa chaguo la yuro au forinti, yaani pesa ya huko, chagua forinti.

MtoMsangazi: Shukrani sana. Na darizi, nitajuaje ya mkono?

Bi_Kungumanga: Geuza nyuma. Ya mashine ina uzi wa bobini wa rangi moja, mara nyingi mweupe, chini ya maua yote. Ya mkono, rangi za mbele zinaonekana na nyuma, na utaona vifundo na mishono isiyolingana. Ulizia ya Kalocsa au ya Matyó, darizi za maua za Hungaria. Vitambaa viko ghorofani, panda huko kwanza ukifika. Ikikaribia adhuhuri ule ujia wa juu haupitiki kwa watu, na kitambaa hutapata hata nafasi ya kukikunjua.