Mvua ya mwezi mmoja inatosha kuthibitisha mabadiliko ya tabianchi? Tujadili

Wakuu, Aprili 2024 bado haijatutoka midomoni. Rufiji ilifurika, Nairobi ikafurika, na mapema Mei kimbunga Hidaya kikaja kupiga pwani yetu. Tangu hapo, mvua kubwa ikinyesha Dar tunagawanyika. Kundi moja linasema tabianchi imeshaharibika, hakuna tena masika ya kutabirika. Jingine linajibu: masika ndiyo haya haya, mmesahau El Nino ya 1997/98?

Naona makundi yote mawili yanaubebesha mwezi mmoja mzigo usioubeba.

Aprili ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote hapa Dar, wastani wake ni takriban milimita 250. Wastani huo hukokotolewa kwa miaka 30, na unaotumika sasa ni wa 1991 hadi 2020. TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wakitabiri "mvua za wastani" wanamaanisha asilimia 75 hadi 125 ya kiwango hicho. Pigeni hesabu: Aprili ya milimita 190 ni ya kawaida, na ya milimita 310 nayo ni ya kawaida. Aliyepitia zote mbili, ya kwanza akiwa kijana na ya pili juzi, ataapa kwamba dunia imegeuka. Wala hadanganyi, ni kumbukumbu tu haina mizani.

Mimi nina kipimamvua uani, Tabata. Nakisoma saa tatu asubuhi, saa ile ile wanayosoma vituoni. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 40 kwenye bati la mita za mraba 100 ni lita 4,000, kutoka nyumba moja tu. Sasa hesabu mtaa mzima, ua wote umesakafiwa, na mtaro umejaa chupa na pampasi. Kwa jirani yangu alama ya tope iko usawa wa kitasa cha mlango. Aliyeiona alama ile atasema ilikuwa mvua ya karne. Kipimamvua changu siku hiyo hakikusema hivyo.

Ndiyo maana nakereka kiongozi wa mtaa akisimama na kusema "ni mabadiliko ya tabianchi" kisha mtaro unabaki vile vile. Desemba 2011 watu zaidi ya 40 walikufa kwa mafuriko Dar, waathirika wa bonde la Msimbazi wakapelekwa Mabwepande. Lile bonde lilikuwa njia ya maji kabla yetu sote.

Lakini wanaosema hakuna kilichobadilika nao wasishangilie. Kwanza, wastani wenyewe unahama. Ukilinganisha mwezi huu na 1991–2020, unaulinganisha na miaka ambayo tayari ilikuwa na joto kuliko ile ya 1961–1990. Unaweza kuambiwa "joto limezidi kidogo tu" kwa sababu kipimo nacho kimepanda. Pili, kila hewa inapoongezeka joto kwa nyuzi 1 inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvuke huo ndio unaokuja kumwagika. Tatu, 2024 ulikuwa mwaka wenye joto kuliko wote uliopimwa duniani. Kwenye joto ushahidi ni mzito sana. Kwenye mvua ya mwezi mmoja ya mji mmoja, inayoyumba kwa El Nino na joto la Bahari ya Hindi, ni vigumu mno kuona.

Kwa hiyo anayetaka kunibadilisha mawazo asiniletee video ya gari linaelea. Aniletee milimita: mwezi gani, kituo gani, wastani wa miaka ipi. Wa Mbagala, Tegeta, Kibaha, na ndugu zetu wa Mombasa na Tanga, wangapi mnapima mvua nyumbani? Na wazee mliokuwepo mvua za 1961, wenye daftari la shamba au la misheni lenye vipimo vya zamani, tafadhali wekeni hapa tuyaone.