Mdogo wangu yuko hatarini: MRI ya ubongo tufanyie wapi, Kisumu au Eldoret?

NyotaYaAhero (mwenye uzi)
Wadau, naomba ushauri wa haraka. Mdogo wangu ana miaka 18, kamaliza kidato cha nne. Tangu Februari amejitenga, na anasema watu wa pale steji humsema akipita. Nimesoma kwamba vijana walio katika hatari ya saikosisi (ugonjwa wa akili wa kusikia sauti au kuamini mambo yasiyokuwepo), gamba la ubongo wao, yaani tabaka la nje, ni jembamba kuliko la wengine. Nataka apigwe MRI, ile picha ya ndani kwa mashine ya sumaku, tujue mapema. Kisumu nimetajiwa shilingi 24,000. Kuna bei nafuu kuliko hiyo, ama niende Eldoret? Naomba majibu ya MRI tu.

Sumaku1.5
Ya bei nawaachia wengine. Mkienda, avue kila chuma: mkanda, saa, hata uzi wenye waya. Kichwa huchukua kama nusu saa, na mashine hugonga kama fundi wa mabati. Asitikisike. Kichwa kikicheza picha huharibika, tena huharibika kwa hila, kwa sababu gamba likipimwa huonekana jembamba kuliko lilivyo. Kijana mwenye wasiwasi hatulii mle ndani. Kwa hiyo unaweza kulipa pesa zote hizo upate kile kile unachokiogopa, kumbe alikuwa anajikuna.

Mchambuzi_Milimani
Utafiti wenyewe upo. ENIGMA, kundi la watafiti wa ubongo wa nchi nyingi, lilichapisha mwaka 2021 picha za watu 1,792 walio hatarini na 1,377 wasio hatarini, kutoka vituo 31. Wa hatarini walikuwa na gamba jembamba kidogo, na walioishia kuugua walipungukiwa zaidi katika sehemu chache, mojawapo ile ya pembeni inayohusika na kusikia. Lakini huo ni wastani wa kundi. Gamba lina unene wa kama milimita 2.5, na tofauti inayosemwa ni chembe ya milimita moja. Wachanganye vijana wa makundi yote mawili kwenye foleni moja na hutaweza kuwatenga kwa unene. Isitoshe, gamba la kila kijana hupungua anapokua, na mashine mbili hazipimi sawa. Ilibidi wale watafiti wasawazishe vipimo vya vituo kwa hesabu.

Daktari wa picha hapa kwetu atatafuta uvimbe, damu, kovu. Unene hapimi. Ataandika "kawaida", na neno hilo halitakuambia lolote kuhusu saikosisi.

MzeeWaOmena
Elfu ishirini na nne kupima unene? Ndugu yangu, nipe mbili, rula ninayo. Sasa sema ukweli: bangi anavuta?

NyotaYaAhero
Havuti, hata muguka hagusi. Tafadhali turudi kwa MRI. Malipo ya kwanza nishatoa na ndama ameuzwa.

Nesi_wa_Zamu
Punguza mwendo. "Hatarini" hupimwa kwa mahojiano. Mtu anasikia au anawaza mambo ya ajabu angalau mara moja kwa wiki, yameanza au yamezidi ndani ya mwaka, lakini ukimuuliza bado ana shaka nayo. Wengi wa hao, kama wanne katika kila watano, huwa hawajaugua miaka miwili baadaye. Akishaamini kabisa, siku baada ya siku, zaidi ya wiki, huyo hayuko hatarini tena. Yumo ndani ya ugonjwa. Wako anasikia sauti? Kuna daktari aliyemwona?

NyotaYaAhero
Sawa. Alionwa wiki tatu zilizopita. Anasikia sauti, na chakula cha mama anakataa, anasema kina sumu. Walimwandikia risperidone, dawa ya saikosisi, nusu ya kidonge cha miligramu 2 kila usiku. Sijampa. Nilisoma kwamba hizi dawa nazo hupunguza ubongo, nikaona picha itangulie ili baadaye tuwe na cha kulinganisha. Nadhani hapo sijakosea.

Nesi_wa_Zamu
Umekosea, tena kwa wiki tatu. Kupungua kunakosemwa kumeonekana kwa watu waliotumia dawa muda mrefu, hasa kwa dozi kubwa, na ni vigumu kutenga kazi ya dawa na kazi ya ugonjwa wenyewe. Ila saikosisi ikikaa bila tiba, kupona huwa kugumu zaidi. Cha kuangalia siku za kwanza ni shingo kukakamaa au macho kugeukia juu. Hilo likitokea, rudini hospitali siku hiyo hiyo, iko dawa ya kulegeza.

Damu ilipimwa? Malaria, virusi vya ukimwi, kaswende, sukari, tezi ya shingo. Na amewahi kuanguka na kupoteza fahamu, au kuumia kichwa?

MzeeWaOmena
Amenyamaza. Swali la mwisho limegusa.

NyotaYaAhero
Ameanguka mara mbili, kabla ya Krismasi na mwezi uliopita. Alitetemeka mwili mzima akajikojolea. Hospitalini hatukusema. Kwetu wazee wakisikia hivyo husema ni chira, laana ya kuvunja mwiko, na mimi naolewa Desemba. Alikuwa Busia kwa mjomba miaka minne, nguruwe hutembea ovyo uani.

Sumaku1.5
Dada, hilo ndilo lingekuwa sentensi ya kwanza! Sasa picha ina kazi. Minyoo ya nguruwe huweka vifuko ubongoni, huleta kifafa, na mara nyingine saikosisi. CT, picha ya eksirei ya kichwa, huonyesha vizuri vifuko vilivyokufa vikawa chokaa; MRI huonyesha vizuri vilivyo hai. Usinunue albendazole, dawa ya minyoo, dukani ukampa. Vifuko vikifa kwa pamoja ubongo huvimba.

Pilipili_Kondele
Mnachezewa. Anatafuta bei nafuu, halafu malipo ameshatoa. Mkimwambia MRI haifai, ghafla kuna kifafa na nguruwe. Huyu ni wakala wa kituo cha picha, ama mwanafunzi mnayemfanyia kazi ya darasani.

MzeeWaOmena
Wakala angetaja kituo. Huyu hata jina la mjomba hataji.

NyotaYaAhero
Nilitoa 5,000 nikidhani zinarudishwa. Amini usiamini.

Nesi_wa_Zamu
Iwe kweli iwe uongo, jibu ni lile lile. Kesho rudini kwa daktari aliyeandika dawa, na kidonge mkononi. Aliandika bila kujua habari ya kuanguka, na baadhi ya dawa za saikosisi huamsha kifafa, klopromazini ikiwemo. Aamue upya yeye. Achague yeye CT au MRI, na EEG, kipimo cha umeme wa ubongo. Fomu ya picha isiandikwe "kichwa" peke yake. Iandikwe: kifafa mara mbili, saikosisi, kutafuta minyoo. Anayepiga picha hupanga picha kufuatana na swali. Nani alimwona akianguka?

NyotaYaAhero
Mama. Mimi sikuwepo mara zote mbili.

Nesi_wa_Zamu
Basi mama aende. Ataulizwa mkono gani ulianza, ilichukua dakika ngapi, kama alijiuma ulimi.

NyotaYaAhero
Na mama ndiye hataki kupanda naye gari moja.

Nesi_wa_Zamu
Nani hataki, mama au kijana?

NyotaYaAhero
Kijana. Anasema mama ndiye mwenye sumu.

Sumaku1.5
Mama atangulie na matatu ya asubuhi, nyinyi mfuate. Mkutane mlangoni kwa daktari.