Mdogo wangu yuko mahabusu Texas, mwenzake mzungu katoka kwa saini tu

MwanaTanga:
Wakuu, nimekwama. Mdogo wangu ana grini kadi, anaosha vyombo hotelini na jioni anasoma chuo. Alikamatwa na rafiki yake mzungu, gari moja, shtaka moja la wizi, wote hawana rekodi. Mzungu kalala ndani usiku mmoja, kasaini, kaenda zake. Wa kwetu kawekewa dhamana ya dola 10,000, leo siku ya 12. Kampuni ya dhamana inataka 1,000 ili imdhamini. Wakili aliyepewa na mahakama anasema akikiri, anatoka wiki hii. Dogo kachoka, anataka kukiri.

Kipanga:
Asikiri! Hukumu ya wizi inaweza kumrudisha Tanga hata asipofungwa siku moja. Amuulize wakili wazi: nikikiri, uhamiaji watanifanya nini? Tangu kesi ya Padilla, 2010, Mahakama ya Juu ya Marekani inamlazimu wakili kumweleza mteja. Na hiyo 1,000 hairudi hata kesi ikifutwa.

Mjomba Sele:
Kila kitu mnasingizia rangi. Labda mzungu ana wazazi wenye nyumba. Huku Bongo ni barua ya mtendaji na kitambulisho cha NIDA, basi.

DadaWaChicago:
Mjomba, wachumi walizichambua kesi za Miami na Philadelphia, wakachapisha 2018: weusi walibanwa zaidi, na hofu ya mahakimu juu yao haikulingana na walichofanya hao weusi wakiachiwa. Kalief Browder alikuwa na miaka 16 New York mwaka 2010, akatuhumiwa kuiba begi la mgongoni. Dhamana 3,000, kwao hawakuwa nayo. Kakaa jela ya Rikers miaka mitatu, mashtaka yakafutwa.

Hapa Illinois dhamana ya fedha ilifutwa Septemba 2023. Texas bado, kwa hiyo wakili aombe ipunguzwe. Pelekeni barua ya mwajiri, ya chuo, mkataba wa nyumba, na ndugu mjitokeze mahakamani, muonekane. Wakili ataje na masharti aliyopewa yule mzungu.

Kipanga:
Na kesi isizungumzwe kwenye simu ya mahabusu. Inarekodiwa.

MwanaTanga:
Nimeongea naye, atavumilia mpaka Alhamisi, wakili kaomba asikilizwe upya. Ila hotelini zamu yake wameshampa mtu. Barua ya mwajiri naipata wapi sasa?

DadaWaChicago:
Mwambie bosi aandike tu kwamba alikuwa anafika kazini kwa wakati. Hiyo hawezi kukataa.