Mrejesho: Fielder ibaki na super, Golf ipewe premium

Wakuu, swali lilikuwa kama mafuta ya bei ya juu (premium) yanafaa kwa magari mawili ya hapa Nakuru: Toyota Fielder ya injini ya 1NZ-FE na Volkswagen Golf TSI yenye tabo, yaani kifaa kinachoshindilia hewa kwenye injini. Asanteni sana, jibu limepatikana.

Kilichosaidia zaidi ni kufungua kifuniko cha tangi. Golf ina kibandiko pale ndani kinachotaka oktani 95. Fielder haina sharti hilo. Kwao Japani hutumia petroli ya kawaida, ambayo kule huanzia oktani 89. Super, petroli yetu ya kawaida, inaitosha kabisa, kuongeza pesa ni kuzitupa.

Oktani si nguvu. Ni uwezo wa mafuta kustahimili mgandamizo bila kujilipukia kabla moto wa plagi haujayafikia. Yakijilipukia, injini hugonga, mlio kama wa kokoto ndani ya mkebe, hasa ukipanda kuelekea Mau Summit na mzigo kwa gia kubwa. Kompyuta ikigundua, huchelewesha cheche: nguvu hupungua, mafuta huliwa zaidi. Nakuru ina mwinuko wa mita 1,850 hivi, hewa ni nyepesi, kwa hiyo Fielder hugonga kwa nadra. Tabo huishindilia hewa hiyo na kufidia wepesi wake, basi Golf haipati nafuu hiyo. Ikishuka Kisumu kwenye joto, msiijaribu na mafuta hafifu.

Kupima ulaji: jaza mpaka bomba lijikate, rudisha tripu (kihesabu cha kilomita za safari) kwenye sifuri, kisha ujaze tena pampu ileile. Lita 32.4 kwa kilomita 450 ni lita 7.2 kwa kila kilomita 100.