Mtoto wa miezi kumi na safu nne za madawati: wenye vituo vya kulelea watoto Mtwara, chumba mnampangia nani?

Wanajukwaa, salaam. Tangu Jumatatu nimesubiri hasira ipoe na haijapoa, kwa hiyo naandika nikiwa nayo.

Kituo nilichompeleka mwanangu hapa Mtwara mjini (jina naliacha) kina chumba kimoja cha watoto wa miezi sita hadi miaka mitatu, nacho kimepangwa kama darasa la kwanza: safu nne za madawati zimeelekezwa ubaoni, na herufi zimechorwa juu ya kimo cha mtu mzima, ilhali mtoto anayetambaa haoni humo ila miguu ya madawati. Nilipouliza, mwenye kituo alijibu kwamba wazazi wakija kuandikisha hupenda kuona darasa. Kumbe chumba kimepangwa kwa ajili yangu mimi ninayesimama mlangoni dakika tano, si kwa yule anayeshinda humo toka asubuhi hadi saa kumi jioni.

Kazi ya mtoto wa umri huo iko sakafuni. Hujigeuza, hutambaa, hushika kitu ajiinue, husimama dede, huanguka, akarudia tena. Hapa sakafu imeliwa na madawati, na kipande kilichobaki wazi kiko mlangoni, palepale wachanga wanapolazwa kwenye mkeka na wale wa miaka miwili wanapopita mbio kwenda nje. Jumatatu mwanangu alikanyagwa vidole. Dada mlezi hakuona, wala simlaumu, kwa sababu kabati refu limesimamishwa katikati ya chumba na yeye alikuwa upande wa pili. Kabati lenyewe halikufungwa ukutani. Siku mtoto atakapolishika ajiinue, tutakuwa na uzi mwingine.

La nepi nalisema kwa kichefuchefu: hubadilishwa juu ya meza ileile inayomiminiwa uji, kwa kuwa bomba liko ng'ambo ya chumba na mlezi mwenye watoto wengi hawezi kulifuata kila mara anawe mikono.

Tafadhali msinijibu habari za fedha. Kuyatoa madawati nje hakuhitaji mfadhili. Fundi seremala yeyote ataunda kizuizi cha mbao kinachoishia kiunoni mwa mlezi, wasiotembea wakatenganishwa na wanaokimbia huku yeye akiwaona wote. Meza ya nepi isogezwe bombani, rafu ziwe fupi za kufikiwa na mtoto, zenye vikopo na vifuu vilivyosuguliwa, na kona ya kulala iwe kwenye dirisha la upepo, mbali na mlango, wachanga walale chali juu ya godoro gumu lisilo na mto.

Sheria ya Mtoto ni ya mwaka 2009, na Desemba 2021 nchi ilizindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, inayoanzia kwa mtoto mchanga kabisa. Aliyekikagua chumba hiki, je, aliinama hata mara moja akakitazama kwa kimo cha anayetambaa? Msimu wa korosho ukifika, akina mama wanaokwenda kubangua wataongeza watoto humohumo.

Mwanangu nimemtoa. Anayejua kituo chenye sakafu iliyo wazi, iwe Shangani, Ligula au hata Mikindani, anielekeze. Nitakwenda kukikagua mwenyewe, na nitapiga magoti.