Naondoka nyumbani kwa mara ya kwanza, nina 1,600,000/= mkononi. Naomba ushauri

MwanaGongolamboto (mwanzisha uzi)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Ni msichana wa miaka 25, naishi kwa wazazi Gongo la Mboto, kazi yangu iko Posta. Mshahara unaoingia mkononi ni 580,000 na akiba niliyonayo ni 1,600,000. Nataka kuhama mwezi ujao. Dalali amenipatia chumba masta Kimara Korogwe, 120,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo. Mali yangu ni nguo na simu tu, kitanda ni cha nyumbani.

Naomba kujua kama hela inatosha, kipi kinunuliwe kwanza, na nikague nini kabla ya kulipa. Na jambo la mwisho ndilo zito: kwetu hakuna binti aliyewahi kutoka kabla ya kuolewa. Mama anajua, baba bado.

Mhasibu_Uchochoroni

Mdogo wangu, tuanze na hesabu ya mlangoni. Miezi sita ni 720,000. Dalali atachukua kodi ya mwezi mmoja, 120,000. Hapo 840,000 imeshaondoka na hujanunua hata kijiko. Umebaki na 760,000. Toa 60,000 ya gari la mizigo na wabebaji, toa 200,000 ambayo hutaigusa kabisa, ni ya ugonjwa au mshahara ukichelewa. Kwa hiyo hela yako ya samani na vyombo ni 500,000. Inatosha kuanza maisha, haitoshi kujaza chumba.

Sasa zingatia hili, maana ndilo linalorudisha watu kwa wazazi. Mwezi mgumu ni wa saba. Ukishalipa miezi sita, mshahara unaingia mzima, hakuna anayekudai, unaona una nafasi ya kuchukua televisheni kwa mkopo na kochi kwa awamu. Miezi sita ikiisha mwenye nyumba anataka 720,000 kwa mpigo na mshahara wako ni 580,000. Ndipo watu wanapokopa kwenye programu za simu zenye riba ya kukausha damu.

Kwa hiyo mshahara wa kwanza tu ukiwa kwako, 120,000 ihamie akaunti nyingine siku hiyohiyo. Iwe akaunti isiyo na kadi wala haijaunganishwa na simu, ili kuitoa kukutake kwenda tawini. Jihesabu kama unalipa kila mwezi. Kilichobaki, 460,000, ndicho mshahara wako halisi: nauli, chakula, umeme, maji, vocha, na kile unachowasaidia nyumbani. Kiandike hicho cha nyumbani mapema, kisije kikakatika ghafla wakaona umehama na mkono umehama. Ukiona 460,000 haifiki mwisho wa mwezi kwenye karatasi, haitafika mfukoni. Tafuta chumba cha 90,000.

Halafu omba miezi mitatu. Wengi hutaja sita kama bei ya kuanzia, na chumba kilichokaa wazi muda mrefu humlegeza mwenye nyumba. Akikubali, kuingia kunakugharimu 480,000 badala ya 840,000, na awamu ijayo utatafuta 360,000 tu.

KaraniWaMtaa

Kodi haipitii kwa dalali. Inakwenda kwa mwenye nyumba, na dalali analipwa chake baada ya mkataba kusainiwa na funguo kuwa mkononi mwako.

Utapeli uliozoeleka Dar ni huu: mtu anapanga chumba kwa muda mfupi, anajifanya ndiye mwenye nyumba, anakipangisha kwa watu watatu kwa siku moja kisha anazima simu. Kinga yake haina gharama. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa uulize nyumba ile ni ya nani. Wapangaji utakaowakuta uani wanafua, waulize wanamlipa nani. Jina lililo kwenye mkataba, lililo kwenye kitambulisho cha NIDA na linalotokea kwenye simu unapotuma hela liwe moja. Akija msimamizi, awe na barua ya mwenye mali.

Kwenye mkataba usitazame kiasi na tarehe peke yake. Dai yaandikwe haya: kodi haipandi ndani ya muda uliolipiwa, notisi ya kila upande ni muda gani, nani analipia maji na taa za nje, na shimo la choo likijaa nani analeta gari la kunyonya. Hilo la shimo husahaulika sana. Likijaa mwezi wako wa pili, utaambiwa kila chumba kichange, nawe ndiyo kwanza umeingia. Nakala ziwe mbili, kila ukurasa usainiwe, shahidi mmoja kila upande, na muhuri wa serikali ya mtaa. Siku ya kuingia piga picha kuta, kioo, koki na choo, umtumie mwenye nyumba siku ileile ili tarehe ibaki kwenye simu zote mbili.

FundiWaya

Chumba kikague mara mbili. Nenda saa nane mchana, halafu rudi saa tatu usiku.

Mchana unapima joto. Tazama juu: kama ni bati tupu bila silingi bodi, feni itakuwa inazungusha hewa ya moto. Usiku unapima baa ya jirani, taa za njiani na usalama wa kutembea kutoka kituoni hadi mlangoni. Kwa dada anayerudi kazini usiku, hiyo njia ina uzito kuliko marumaru za sakafuni.

Nenda na chaja ya simu, ichomeke kila soketi. Soketi yenye weusi pembeni mwa matundu, au inayocheza ukutani, ina waya uliolegea. Inapata joto na siku moja itaungua. Itengenezwe kabla hujalipa, maana baada ya kulipa ahadi hupoa. Gusa ukuta kimo cha goti. Rangi ikibanduka kama unga au ukiona mstari wa njano unaozunguka chumba, hapo maji huingia, na masika ya Machi hadi Mei utaamka na godoro limelowa. Choo kivute mara mbili mfululizo, mwaga ndoo nzima bafuni uone maji yanaondoka au yanarudi. Kimara ni vilima, nyumba za juu presha ya DAWASA hupungua, kwa hiyo waulize wapangaji maji hutoka siku zipi na saa ngapi. Kama ni kisima, onja: mengi ni ya chumvi, sabuni haitoi povu na chai haifai.

Kwenye LUKU ndipo ugomvi wa nyumba za kupanga unapozaliwa. Uliza kama chumba kina mita yake. Mita moja kwa vyumba vitano maana yake nyumba imeshapita yuniti 75 kwa mwezi na iko kwenye T1, daraja la bei ya juu, ambako 10,000 inatoa yuniti kama 28. Mita ya peke yako kwenye D1, daraja la matumizi madogo, kwa mtu mmoja asiye na friji wala jiko la umeme, hela hiyohiyo inakaribia yuniti 80. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko punguzo lolote la kodi utakalobembeleza.

Kabla ya kulipa chumba, nunua umeme wa 2,000 kwenye mita hiyo na usome ujumbe wote. Ukiona makato ya deni, ni deni la aliyekutangulia. Utaona pia kodi ya jengo, inakatwa kupitia LUKU tangu 2021. Hiyo ni ya mwenye nyumba, hivyo mkubaliane irudishwe kwenye kodi yako ya pango. Kama mita ni ya pamoja, dai mita ndogo ya chumba chako. Kuchanga kwa kukadiria hakuna mwisho mwema, kwa sababu pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa moja ni yuniti nzima, na feni ya wati 60 ikizunguka usiku wa saa kumi haifiki hata yuniti moja.

MamaMkubwa_Temeke

Binti yangu, hongera. Siku ya kwanza unahitaji pazia, godoro, chandarua, ndoo na kufuli. Vingine vyote vinasubiri.

Pazia nimelitanguliza kwa makusudi, maana usiku wa kwanza taa ikiwaka na dirisha liko wazi, mtaa mzima unakusoma. Pima upana wa dirisha, nunua kitambaa mara mbili yake, kwa hiyo dirisha la mita moja na nusu ni mita tatu.

Godoro chukua 5 kwa 6, inchi 8, kwa sababu mashuka yake yapo kila duka. Usinunue kwa unene. Lilaze sakafuni upige goti: goti likigusa sakafu kirahisi, hiyo ni sponji nyepesi, itatengeneza shimo katikati kabla ya mwaka. Kitanda kinaweza kungoja mshahara wa pili, lakini godoro lisikae juu ya sakafu tupu, hushika ukungu chini. Tandika mkeka, na kila asubuhi lisimamishe ukutani. Ukifika wakati wa kitanda, nenda kwa mafundi wa Keko na uhesabu chaga. Nafasi kati ya chaga na chaga isizidi vidole vinne, ikizidi godoro linazama katikati.

Jikoni: sufuria tatu zenye mifuniko, za alumini nzito. Zile nyepesi zinazobonyea kwa kidole zinaunguza wali chini ungali mbichi juu. Kikaango kimoja, mwiko, kisu, kibao cha kukatia, chujio, sahani tatu na vikombe vitatu, ili mama akija na mdogo wako msile kwa zamu. Nunua Kariakoo, na bei ulizia maduka matatu kabla ya kutoa hela. Maji: ndoo mbili za lita 20 na pipa la lita 100 lenye mfuniko. Mtu mmoja anatumia ndoo mbili hadi tatu kwa siku, kwa hiyo pipa likijaa una siku mbili za mgao.

Friji isikutie haraka. Bila friji, nunua nyama robo, dagaa wakavu, na mboga za siku.

MwanaGongolamboto

Asanteni sana, nimeandika kila kitu. Maswali mawili. Dalali amepiga leo anasema kuna mtu mwingine anakitaka, nitume walau 50,000 ya kukishikilia. Na chumba hakina jiko, ni chumba na choo tu. Gesi inakaa humohumo ndani?

KaraniWaMtaa

Usitume. Kama yupo mwingine kweli, achukue. Mwambie utakuja Jumamosi na hela kamili kwa mwenye nyumba, mbele ya mkataba.

Gesi_na_Majiko

Inakaa ndani, kwa masharti. Chukua mtungi wa kilo 6, na jiko lake liungwe dukani ukiwa umesimama hapo. Mtu mmoja anayepika mara moja kwa siku hukaa nao mwezi na siku kadhaa. Kinachomaliza gesi ni maharage: yaloweke usiku kucha, chemsha kilo nzima siku moja, ugawanye na majirani, maana huna friji.

Weka mtungi wima, karibu na dirisha, mbali na kitanda na pazia. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio kabla ya kuwasha kiberiti. Povu likifura, gesi inavuja, funga urudishe dukani. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutuama chini sakafuni. Ukiingia ukasikia harufu, usiguse swichi ya taa, wala kuwasha wala kuzima. Funga valvu, fungua mlango na dirisha, pepea kwa kanga kuelekea mlangoni, utoke.

Na tafadhali, jiko la mkaa lisilale ndani hata siku moja, hata kama mvua inanyesha na limebaki majivu mekundu kidogo tu. Hewa yake haina harufu na inaua mtu akiwa usingizini.

Somo_wa_Ilala

Kuhusu baba. Mwambie kabla hujasaini, wala asije akasikia kwa jirani. Kwa desturi zetu jambo la namna hii halipelekwi na mwenyewe kwanza. Mtume shangazi yako, dada yake baba, au baba mdogo anayesikilizwa. Aende na hoja zinazoshikika: umbali wa kazi, saa unayorudi usiku, kodi unayoimudu. Kisha wewe uingie, ukae chini, uongee mwenyewe. Usiseme "nimeamua". Sema "naomba ruhusa na baraka".

Hofu ya baba kwa kawaida ni mbili, nani atakuangalia na watu watasema nini. Ya kwanza inajibiwa kwa vitendo. Mwombe aje akague chumba pamoja nawe, yeye ndiye aongee na mwenye nyumba, na yeye awe shahidi wako kwenye mkataba. Mpe namba ya mwenye nyumba na ya mjumbe. Mzazi aliyetia saini yake pale hajioni ameachwa. Ya pili humalizwa na muda, ukiwa unarudi nyumbani kila Jumapili kula na wenzako.

Akikataa mara ya kwanza, usibishane. Mwachie wiki mbili, shangazi arudi tena.

FundiWaya

Nyongeza ya siku ya kuhama. Kirikuu moja inatosha vitu vyako vyote, kubalianeni bei ikijumuisha kupakia na kushusha. Fika kabla ya saa sita mchana, ili ukikuta umeme au maji yana tatizo fundi bado anapatikana.

Kabla ya kupanga vyombo, badilisha kitasa, kwa sababu mpangaji aliyetoka anaweza kuwa na ufunguo. Kama ni cha silinda, fungua mlango, utaona skrubu moja ndefu kwenye ubavu wake usawa wa tundu la ufunguo. Ifungue, ingiza ufunguo uuzungushe kidogo huku ukivuta, silinda itatoka. Nenda nayo dukani upewe ya urefu uleule, maana ikizidi inatokeza nje na kuvunjwa kwa koleo. Ya zamani itunze, utairudisha siku ukihama. Kama si cha silinda, nunua kitasa kizima cha kipimo kilekile, na ndani uongeze komeo.

MwanaGongolamboto

Nimempigia shangazi sasa hivi. Anakuja Ijumaa jioni.